Maji ya Thanthania

Nimewaahidi tramu tangu Nagpur.
Saa kumi na nane za treni nawaimbia tramu:
kengele yake, viti vyake vya mbao,
inavyotambaa kama bibi harusi asiyetaka kufika.
Tumesimama kituoni. Reli zimefukiwa kwa lami.
Muuza miwani ananijibu bila kuinua kichwa:
"Dada, hiyo ilikoma zamani. Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa wapi.
Nilikuwa nikizaa,
nikihama na masanduku nyuma ya kazi ya mume,
nikijifunza kupika bila samaki wa mto.

Tupur ana miaka tisa, anataka choo.
Mithil ana sita, anataka kurudi hotelini
kwenye lifti inayosema mlango unafungwa.
Nawavuta, mmoja huku, mmoja huku,
nawaonyesha dirisha la ghorofa ya pili:
pale nililala miaka mitano,
wasichana wanne chumba kimoja,
Ketaki akikariri mifupa ya mwili usiku kucha,
yai moja la kuchemsha tukiligawa kwa uzi.
Dirisha limefunikwa na bango la simu.
"Yai kwa uzi?" anauliza Mithil.
Katika yote, hilo tu ndilo alilolisikia.

Kisha mvua.
Si manyunyu; ile ya mwezi wa Srabon, isiyobisha hodi.
Dakika ishirini, barabara imekuwa mto,
kandambili ya mtu inapita peke yake
kama inayojua iendako.

Miaka mitano niliyalaani maji haya.
Yaliniharibia viatu, madaftari, mtihani wa fizikia,
na barua moja ambayo sikuwahi kuimaliza.
Katika hadithi zangu zote za mji huu
sikuyataja hata mara moja.

Na wanangu, hawa waliochoka, hawa wa choo na lifti,
wamo ndani yake hadi mapajani,
wanapiga mayowe mpaka mkokota riksho anacheka,
anawaonyesha kwa kengele yake pa kukanyaga:
hapa salama, pale shimo.
"Mama! Mbona hukutuambia?"

Nimesimama kizingitini kwa muuza miwani
na viatu vya watu watatu kifuani.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa.
Wageni ndio hao, wamelowa chepechepe.
Mwenyeji bado anajipapasa
kutafuta palipokuwa panauma.

Usiku, baada ya kuwasugua kwa sabuni mara tatu,
naagiza yai la kuchemsha.
Nachomoa uzi kwenye pindo la sari,
Tupur anashika ncha, Mithil anashika ncha,
mimi nashika yai.
Polepole. Polepole, nimesema.
Linaachana bila sauti.

"Nusu yake kubwa," analalamika Mithil.

Ketaki naye kila usiku alisema hivyohivyo.