Kijiko cha Bati

Baba, leo wamekuja watu wa jeshi
na bendera iliyokunjwa pembe tatu.
Wakasoma jina lako lote, Campo Elías Tibaduiza,
kama mwalimu anayemwita mwanafunzi mtoro.
Wakataja kilima, wakataja namba ya kilima,
wakasema ushujaa mara nne. Nilihesabu.
Hakuna aliyetaja viazi.

Nami viazi ndivyo ninavyovikumbuka:
wewe jikoni, baridi ya Ventaquemada mlangoni,
joho la sufu mabegani, kisu kifupi mkononi,
ganda likishuka jembamba, refu, bila kukatika,
mpaka mama akuulize, "Unamenya au unafuma?"
Siku moja ukamjibu, "Kule tulikula maganda."
Hilo tu.
Hilo ndilo neno pekee la vita ulilolitoa bila kuombwa.

Ulikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa milimani,
bahari hujawahi kuiona hata pichani,
wakakupakia melini kwenda Korea.
Ulitapika tangu gati hadi gati.
Ulirudi na vidole vinane vya miguu,
viwili umeiachia theluji,
na kijiko cha bati chenye herufi mbili
zilizokwaruzwa kwa ncha ya msumari: A.P.
Hazikuwa zako.

Nilikuuliza nikiwa na miaka tisa.
A.P. ni nani, baba?
Ukainuka, ukatoka, ukamchana nyumbu manyoya
mpaka giza likamfuta nyumbu, likakufuta nawe.
Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, wanasema.
Wewe uliijua ungali hai,
ukala nayo, ukalala nayo sakafuni karibu na mlango,
viatu umevaa.

Na kila mwaka mwezi wa Machi
mezani palikuwa na mabakuli matano.
Sisi tulikuwa wanne.
Bakuli la tano liliwekewa kijiko kile.
Supu ikapoa, ikaganda mafuta juu,
alfajiri ukammwagia mbwa, ukasema, "Samahani."
Ulikuwa ukimwambia mbwa, au nani?

Juzi, nikitafuta suruali yako ya kuzikiwa,
nimeikuta barua chini ya sanduku,
karatasi imelegea kwenye mikunjo kama kitambaa.
Mwandiko wa mtu asiyezoea kalamu:
*Kijiko cha Anselmo nimekipokea.
Nakurudishia. Mimi sina tena wa kumlisha.
Wewe kula nacho, mwanangu.
Ukishiba, nitajua na yeye kashiba.*

Kumbe ulitembea hadi kwake.
Kumbe uligonga mlango ule,
miguu yako ya vidole vinane vumbini,
ukasema lile ambalo kwetu hukuweza kulisema.
Na hukuthubutu kula nacho hata mara moja.

Baada ya mazishi ofisa kijana, mpole,
kola imemkaba, akaniuliza
kama marehemu aliacha chochote cha vita
kinachofaa kuwekwa kwenye kabati la makumbusho.
Kijiko kilikuwa mfukoni mwangu, kimepata joto la paja.
Nikamwambia, hapana, afande.
Baba alikuwa mtu wa viazi.

Usiku tumepika. Nilimenya mimi,
ganda likakatika, likakatika tena.
Dada yangu Rosmira akatoa mabakuli kabatini,
akayahesabu kwa sauti, akakosea,
akayarudisha yote,
akaanza upya.