Kipande cha Tatu

Jiwe la Kajulu lilikuwa limelala.
Mwalimu Makokha angesema: momenta yake ni sufuri.
Obuya mnyapara akawasha utambi, akapuliza filimbi mara mbili
badala ya tatu, akajitupa nyuma ya tingatinga.

Mlima ukakohoa.

Kipande kimoja kilikwenda mashariki, kikajizika kwenye mihogo.
Kingine kaskazini, kikatoboa bati la jiko letu,
kikaketi ndani ya sufuria kama mgeni asiyebisha hodi.
Na kule chini, kusini-magharibi, mbuzi wa Syprose
alianguka na mimba yake, kamba ingali shingoni.

"Bati nitalipa," akasema Obuya. "Mbuzi simjui.
Jiwe limepasuka vipande viwili. Hivyo hapo. Hesabuni."
Wanawake wa kokoto wakashusha nyundo.
Vumbi likatua kwenye kope zetu.

Nilikuwa kidato cha tatu, nimerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.
Nikaomba mkaa. Nikaandika kwenye ukuta wa stoo ya baruti:

Viwili pekee vingeachana kama mahasimu, mgongo kwa mgongo,
huyu mashariki, yule magharibi, bila kupinda.
Hivi vimeacha kona, na kona inamdai mwenzao.
Tukavipima kwa mizani ya mahindi ya Dorka:
kilo thelathini, kilo ishirini.
Kasi nikaikadiria kwa hatua, kumi na sita, thelathini na mbili.
Mia nne themanini mashariki. Mia sita arubaini kaskazini.
Ili jumla irudi sufuri, pale jiwe lilipolala,
lazima kitu kimebeba mia nane kikashuka hivi —
nikanyoosha mkono
na mkono ukamwangukia mbuzi.

Tukafukua nyasi. Kilo arubaini,
kingali na tundu la keekee ubavuni, kinanuka baruti.

Obuya akautazama ukuta kwa muda. Akatema mate.
"Hesabu hii inafundishwa wapi?"
Akalipa nusu. Nusu nyingine, akasema, mwezi wa pili.

Usiku mama alikuwa akijichokoa vumbi kwenye kucha kwa njiti ya kiberiti.
"Na pesa za mlima huu," akaniuliza,
"zote zilizotawanyika tangu waanze kulipua,
ukizijumlisha, zetu zilirukia upande gani?"

Nikamwambia sura hiyo hatujaifikia.