Hachezi

Wifi yangu Mize alilisema neno moja mara tatu
na mimi ndiye niliyepewa kulibeba.

Ilikuwa Sinaw, Alhamisi ya soko,
mbuzi wakisikika hadi maegesho ya hospitali.
Kaka yangu Mhenna kaenda kuuza beberu wawili,
apate pesa ya akika.
Akika kabla ya mtoto. Mama alimkataza.

Mize ni wa Konde, Pemba. Mwaka mmoja huku,
Kiarabu chake cha sala na cha dukani.
Mimi nimezaliwa hapa; Kiswahili changu cha jikoni,
cha bibi, cha kugombwa na kutumwa chumvi.
Tulikuwa kama watu wawili
wanaopitisha kitanda kwenye mlango mwembamba.

Saa mbili asubuhi: "Waambie mtoto hachezi."
Nikamwambia nesi kwa Kiarabu, mtoto hachezi,
kama mtoto asiyetaka mpira.
Sista Bincy, mtu wa Kerala, Kiarabu naye kakiazima,
akacheka kwa wema:
"Ngoja azaliwe kwanza, habibti. Atacheza mpaka mchoke."
Nami nikacheka.
Mengine yote nayaweza. Hilo siliwezi.

Saa tano: "Hachezi, wifi. Tangu alfajiri kanyamaza."
Mashine ya kusikilizia moyo ilikuwepo,
karatasi yake imekwisha tangu Jumatatu
na fomu ya kuombea karatasi imo ndani ya droo
inangoja saini ya mtu aliye likizo.
Vitanda sita, wazazi tisa,
watatu wanaumwa uchungu juu ya viti vya plastiki.
Daktari mmoja, yumo chumba cha upasuaji toka usiku
na mama mwingine anayevuja damu.
Simlaumu. Simwondoi pia hesabuni.

Mara ya tatu hakuniambia mimi.
Zamu zinabadilishana, faili lake chini ya faili la mwenzake,
akaukamata mkono wa nesi mgeni, akaulaza tumboni,
akasema taratibu, kama unavyosema na kiziwi:
Ha. Che. Zi.
Mkono ukakaa pale.
Nikauona uso wa yule binti ukiondoka kabla ya mkono.

Hapo ndipo walipokimbia.
Kukimbia wanajua, nisiwasingizie.

Alikuwa mwanamume. Kilo tatu na robo.
Mhenna alifika na harufu ya mbuzi,
noti zimekunjwa kifuani, hajui amkabidhi nani.

Baada ya mwezi ikakaa kamati.
Tende, kahawa, kiyoyozi kikali.
Wakanisomea: *Mama alichelewa kutoa taarifa.*
Nikasema, hakuchelewa. Alitoa mara tatu.
Andikeni kwamba mimi nililikosea neno.
Kisha andikeni karatasi.
Andikeni viti. Andikeni droo.
Msiandike langu peke yake.
Karani aliinama, akaandika,
na kalamu yake ikasimama mapema mno.

Sasa nalijua neno la Kiarabu: *hajongei*, ndivyo wasemavyo.
Ninalo mdomoni, sina wa kumpa.
Mize halali upande wa kushoto. Hasemi kwa nini,
na mimi, mfasiri, siulizi.

Juzi, kwenye foleni ya mkate,
Sista Bincy kasimama mbele yangu na katoni ya maziwa.
Hakunisalimu. Alisema kwa lafudhi yake, "Hachezi,"
kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.
"Sasa nawauliza wote. Mabedui, Wabangali, wote.
Nauweka mkono kwanza, ndipo nauliza."

Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka kumpiga.
Nikamwuliza, "Karatasi imekuja?"

Akatikisa kichwa, ile namna ya kwao,
ambayo miaka yote hii
sijaweza kujua kama ni ndiyo au hapana.