Uzoefu: Rede, Miaka Tisa

Fomu ilikuwa ukurasa wa daftari la hesabu,
umebandikwa kwa uji wa ugali
kwenye mlango wa bwalo la chuo.
KLABU YA BESIBOLI. Jina. Mchepuo. Uzoefu.
Kumi na watatu walionitangulia waliandika
netiboli, mpira wa miguu, mbio za mita mia nne,
na mmoja, Mihayo, aliandika "nina nguvu."
Mimi nikaandika: rede, miaka tisa.
Nikatamani kufuta, ila kalamu ilikuwa ya wino.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi,
baridi ya Julai, ile ya Tabora inayopasua midomo,
tulisimama nyuma ya bweni la wavulana
kwenye shamba lililovunwa juzi,
mabua bado yanachoma nyayo.
Besi zetu ni viroba vya pumba za mbao.
Glovu sita, watu kumi na wanne.
Magongo mawili: moja la bati gumu, limebonyea ubavuni,
la pili la mninga, kazi ya fundi wa Ng'ambo
ambaye hajawahi kuuona mchezo huu,
akalitoboa kitundu cha kulitundikia, kama mwiko.

Nilimpigia mama, Urambo.
Mama, nimeingia timu ya gongo.
Mtandao ukakatika, au yeye ndiye aliyekatika.
Kisha: "Nimeuza tumbaku ukasome,
wewe umeanza gongo?
Tena mna timu kabisa?"
Nikacheka mpaka salio likaisha
kabla sijaeleza.

Kocha, mwalimu Masanilo, ni mtu wa Jiografia;
hawezi kusema neno bila kuchora chini kwa kijiti.
"Mrushaji hapa. Mpigaji hapa.
Wewe, Nyamizi, huku kushoto, na mpira ukija..."
Ukaja.
Nikapinda kiuno, nikageuka ubavu,
ukapita pale nilipokuwa
bila kugusa hata uzi wa blauzi.
Nilikwepa vizuri, jamani. Ingekuwa kwetu,
nyuma ya ghala la chama cha msingi,
Kalunde angepiga vigelegele, nami ningeanza
kujaza mchanga kwenye chupa, kiganja kwa kiganja.
Hapa walinitazama tu.
Mpira ukaenda hadi kwenye karo la kufulia,
Mihayo akaufuata na nguvu zake.

Mara ya pili nikakwepa. Ya tatu pia.
Mwili nao una shule yake.
Miaka tisa niliufundisha: kinachokujia, kipishe.
Mpira wa soksi. Fimbo ya mwalimu wa zamu.
Mkono wa mjomba akishalewa. Maneno ya shangazi
kuhusu binti wa miaka ishirini na mbili asiyeposwa.
Vyote nilivipisha. Nilikuwa bingwa.

Masanilo hakufoka. Alileta glovu,
ngozi kavu inayonuka mafuta ya mgando,
akanivika, akasema, "Ukikwepa,
nyuma yako hakuna mtu."
Nikageuka. Kweli. Mabua matupu,
na kule mbali reli, treni ya Mpanda
ikiondoka na kuchelewa kwake kwa kawaida.

Wa nne ulikuja chini kwa chini, ukirukaruka juu ya matuta.
Sikuudaka vizuri. Ulinigonga kwenye shina la kidole gumba,
ukapanda kifuani, nikaubana kwa kidevu
kama mtu anayebana khanga huku mikono ina ndoo.
Lakini haukupita.

Leo Jumatatu nina mazoezi ya kufundisha,
darasa la nne, kugawanya kwa mafungu.
Kidole kimevimba, chaki inaniponyoka.
Mtoto wa dawati la mbele anauliza,
mwalimu, umepigwa na nani?
Sijapigwa, nasema. Nimedaka.
Umedaka nini?
Naandika tarehe ubaoni. Saba inatoka imepinda.
Na mama bado sijampigia.