Bonyeza Duara

Yaledi ana miaka tisa, shilingi mia tano na swali moja:
"Dada, duara liko wapi?"
Kioo kimeandika: *bonyeza duara kuendelea.*
Ametafuta kwenye kibodi kuanzia Q mpaka M,
ameinua kibodi, amechungulia chini yake
kama anayesaka yai la kuku anayetagia uvunguni.

Duara halipo, mdogo wangu.
Limebaki Japani, kwenye pedi waliyouchongea mchezo huu.
Huku limekuja jina lake tu.

Kibanda changu kipo Nkuhungu, nyuma ya mashine ya kusaga.
Mashine ikiwaka, umeme unanywea;
vumbi la Septemba linaingia bila hodi.
Nina kompyuta nne, zote za mtumba,
na hasira moja, mpya kabisa, ya dukani.

Maana mchezo mzuri hivi!
Mtu ameuchora jani kwa jani,
mvua yake ina harufu (nasema kweli, ina harufu,
na sisi hapa mvua tunaijua kwa kuikosa),
halafu waliotumwa kuuhamisha
wakaubeba kama godoro juu ya Fuso, kamba moja,
wakaushusha mlangoni, wakaondoka.
Kishale cha mausi kimekwama katikati ya kioo,
inzi kwenye mlenda.
Ukigusa Esc haikuulizi: inazima, na saa zako mbili zimezama.
Picha thelathini kwa sekunde, hata uuze ng'ombe ununue kadi.
Nikaulazimisha mpaka sitini:
panga zikaanza kuchakaa mara mbili,
kumbe saa ya mchezo ilifungwa kwenye picha
kama ndama kwenye mguu wa mamaye.

Mama akinisikia nalalamika, anacheka.
Yeye alihamishwa na wizara:
faili zake, kiti chake, na mapazia.
Mapazia yalikatwa kwa madirisha ya Dar es Salaam.
Kule Mtumba yameishia shibiri moja juu ya ukingo,
na kwenye shibiri hiyo jua la Dodoma linakaa kutwa
likimchoma kiwiko cha kulia.
Bahasha bado zina sanduku la posta la zamani;
anakata, anaandika jipya, anakata, anaandika.
"Kubeba si kuhama," anasema,
kisha ananiomba nimtengenezee chaja.

Juzi usiku mtu nisiyemjua,
wa nchi ambayo hakuitaja,
aliweka faili la kilobaiti arobaini, bure.
Nikalipakua kwa bando la usiku.
Kishale kikatembea. Maandishi yakanenepa.
Wenye mchezo wamelala na pesa, mpita njia ndiye kakesha.
Nilimwandikia "asante sana", kwa Kiswahili,
maana ajitafutie mwenyewe.

Lakini duara hata yeye hakulileta.
Basi nikachukua rangi ya kucha ya Mbeleje, nyekundu,
nikachora duara juu ya L, msalaba juu ya K.
Yaledi akauliza ipi ni ndiyo.

Nikamweleza: kwao duara ni ndiyo,
ndivyo walimu wao wanavyosahihisha.
Njiani wakageuza, msalaba ukawa ndiyo,
kisha sehemu nyingine wakasahau kugeuza.
Akanikazia macho. Kwenye daftari lake
msalaba mwekundu una maana moja, na fimbo mbili.
"Kwa hiyo nikikosa ndiyo nimepata?"
"Mwanzoni, ndiyo. Dukani, hapana.
Kwa mhunzi, sijui. Subiri kwanza, rangi mbichi—"

Hakusubiri.
Upanga tulioutafuta wiki tatu
umeuzwa kwa sarafu nne.
Mashine ya kusaga imewaka, kioo kimefifia,
naye ameinua kidole kuniomba radhi,
na kwenye ncha yake, zima, jekundu,
duara.