Filamu Haina Pua

Walitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa kinu cha Andabwa,
jenereta ikakohoa mara tatu, ikakubali,
na Luanda yote ikaketi kujitazama.

Dakika tisini. Benki yetu ilianzishwa
kwa dakika tisini, na katikati wimbo.
Sisi tulitumia miaka sita,
na mvua zake, na matanga yake,
na ule mwaka wa viwavi
mahindi yalipobaki mabua, hisa zikabaki ahadi.

Aliyeigiza mimi ni binti mwembamba,
shingo ndefu, machozi karibu.
Watoto wakanigeukia: "Mama Mmbone, ni wewe!"
Nikavuta leso. Siku ile mimi sikulia.
Nilikuwa na debe la omena kichwani,
na ukilia na debe kichwani, mzigo unahama.

Meneja wa benki kubwa, ile ya vioo,
filamu imempa kicheko kibaya na pete ya dhahabu.
Watu wakamzomea. Nami nikazomea,
uongo una utamu wake.
Lakini yule bwana hakuwa mwovu, alikuwa amechoka.
"Hamna dhamana," alisema, akitazama saa,
kisha akatusindikiza mwenyewe hadi mlangoni
na kututilia mkononi daftari la hesabu, nusu tupu:
"Andikeni. Hata shilingi moja, andikeni."
Hilo wamelikata.

Wamekata pia ufunguo wa tatu.
Sanduku lilikuwa na kufuli tatu, wenye funguo watatu,
maana undugu ni undugu na pesa ni pesa:
mimi, Mwalimu Atsango, na Keverenge fundi baiskeli.
Siku ya mkopo wa kwanza, Keverenge haonekani,
amekwenda mazishini Ebusakami, ufunguo shingoni.
Watu hamsini tukalizunguka sanduku
kama wageni na sufuria isiyofunuliwa.
Alirudi saa mbili usiku, matope hadi magotini,
akafungua bila neno. Tukahesabu kwa koroboi.
Mia nane, za tairi na mnyororo.
Aliyekopa? Keverenge mwenyewe.
Tulicheka hadi koroboi ikazimika.

Lakini aliyekatwa mzimamzima ni Imbuga.
Mshona viatu, pale penye reli. Sanduku lilikuwa lake,
la brashi, misumari na rangi nyeusi.
Siku moja alimwaga vyombo vyake chini,
akalisukuma kwetu kwa ule mguu wake mzima:
"Chukueni. Viatu havikimbii."
Kisha akatoa thelathini. Mwanachama nambari moja.
Hakuiona kaunta, wala utepe.
Mwenye filamu, kijana mpole, alinieleza:
"Mama, kifo kinaharibu mwisho."
Nikamwelewa. Watu wamelipa kiingilio wacheke.

Na walicheka. Utepe ulipokatwa pale kwenye shuka
walishangilia kana kwamba hawakujua,
Keverenge akasimama kupunga mkono,
amejiona ana nywele.

Nami nikakumbuka kitu kisichoingia kwenye kamera:
miaka yote sita, noti zetu zilinuka rangi ya viatu.
Ulilipa karo, mhasibu wa shule akanusa vidole.
Ulinunua dawa, chumvi, mbuzi wa mahari,
na soko lote likajua zimetoka wapi.
Tulijuana kwa harufu hiyo kama watu wa tumbo moja.

Sasa kuna kompyuta. Pesa hazinuki, hata hazionekani,
zinalia tu kwenye simu.
Asubuhi nilifungua dirisha langu, foleni imefika kinuni,
na kabla ya mtu wa kwanza
nikaita nambari moja kwenye mashine.
Imbuga. Thelathini zimezaa.
Hajaja mtu kuzidai,
na kila mkutano mkuu, tukiulizwa kama akaunti ifungwe,
mikono haiinuki.

"Mama, unahudumia?"
Nahudumia. Lete daftari.
Lilikuwa la zamani, la enzi za sanduku, jalada limepinda.
Nikaliinamia kama asiyeona vizuri,
nikavuta pumzi.