Ndoo ya Arobaini

Sikonge. Umeme umekatika tangu saa nane.
Nachora visanduku nyuma ya risiti ya mizani:
hapa seva, hapa simu ya Nyamizi, pale ya Kashindye,
na mishale, ambayo kwenye karatasi haikosi mtandao.

Ndoo ya arobaini ya asali:
Nyamizi kaandika kilo ishirini,
Kashindye kumi na tisa,
dakika ileile, wote porini, mbali na mnara.

Nilikuwa nimepanga wa mwisho amfute wa kwanza.
Nyamizi akacheka:
"Basi sote tutavizia kuwa wa mwisho."

Nafuta mshale.
Nachora kisanduku chenye milango miwili,
hesabu zote mbili zikae humo, zisigombane,
mpaka wenyewe wakutane
wainyanyue ndoo tena, pamoja.

Kalamu inanata.